Kuinua bomba la kalavati hakulinusuru

Kwenye njia za mashamba Magu na Misungwi, mkoani Mwanza, ushauri wa kuweka kalavati, bomba la kupitisha maji chini ya njia, ni uleule miaka yote: "Inua bomba kidogo, lisijae mchanga." Ndio unaong'oa makalavati.

Bomba lililoinuliwa humwaga maji kwa kudondoka. Mdondoko wa sentimita 30 unatosha kuchimba shimo, shimo linarudi nyuma chini ya bomba, udongo unalegea, na kiungo cha mwisho kinakatika. Samaki ningu naye, anayepanda mito ya Ziwa Victoria wakati wa mvua kwenda kutaga, anakwama hapohapo shimoni. Wanaovua kwa vyandarua wanalijua hilo vizuri.

Laza bomba kwa mteremko wa kijito chenyewe, likizama chini ya sakafu ya kijito kiasi cha moja ya tano ya kipenyo: la sentimita 90 lizame kama 18. Mchanga utaingia, ndiyo. Uache, nafasi hiyo ni yake. Kinachoziba mara nyingi ni wembamba: chini ya sentimita 60 matawi hunasa na koleo haliingii.

Kujazia, tumia moramu (udongo wa changarawe), si udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Shindilia pande zote mbili kwa pamoja, tabaka za sentimita 15; ukijaza upande mmoja kwanza, bomba linasogea. Mdomo wa kutokea upange mawe makubwa. Mtaro wa kando ya njia uuchepushe kabla ya kufika kijitoni, tope limwagike kwenye majani.

Kijito kikikauka kiangazi na chini kuna mwamba, achana na bomba: drifti ya mawe, yaani kivuko ambacho maji hupita juu yake, inatosha.