Glovu ya roboti: nani anafanya kazi, mkono au mashine?

Mwezi haupiti bila mtu kunitumia picha ya glovu nyeusi yenye mirija ya hewa mgongoni, na swali chini yake: "Daktari, nimnunulie mama?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila kusahihisha nimeshachoka. Muulizaji mara nyingi ni mtoto aliye mbali, Muscat au Leeds, ambaye mama yake amepata kiharusi na mkono mmoja umepooza. Hawezi kuja kumfanyisha mazoezi, basi anataka mashine ije kwa niaba yake.

Namjibu kwa swali. Mama akivalishwa hiyo glovu akiwa amelala fofofo, itafanya kazi? Kama itafanya, jua unanunua mchuaji wa umeme.

Sisemi kwamba kuchua ni bure. Glovu hizo zina pampu ndogo: hewa ikiingia vidole hunyooka, ikivutwa hukunjika. Kiganja kilichokakamaa kikinyooshwa kila siku kinabaki laini, na kukiosha kunakuwa rahisi. Lakini kiharusi hakikuharibu mkono. Kimeharibu sehemu ya ubongo inayoutuma mkono, na ubongo hutafuta njia nyingine pale mwenye mkono anapojaribu mwenyewe, akakosea, akajaribu tena. Mama anayetazama tamthilia huku glovu ikimkunja vidole hajajaribu kitu.

Roboti zilizobuniwa kwa tiba hii zilianza na wazo tofauti. Neville Hogan na Hermano Igo Krebs, wa chuo cha MIT kule Marekani, walitengeneza MIT-Manus: mgonjwa anashika mpini, mbele yake kuna skrini, na kazi yake ni kupeleka alama hadi kwenye shabaha. Akikwama, mota inamsaidia. Akiweza, inamwachia. Pagumu ni hapo katikati. Msaada ukizidi, mwili unatega. Mtafiti David Reinkensmeyer wa California na wenzake wamelichunguza jambo hili: mota ikiwa tayari kubeba, mgonjwa hupunguza nguvu yake bila hata kujua. Kwa hiyo programu nzuri humnyang'anya mtu msaada kidogo kidogo, kama mzazi anayeachia kiti cha baiskeli.

Faida kubwa ya roboti ni kwamba haichoki kurudia. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walikaa wakihesabu kinachofanyika katika vipindi vya kawaida vya tiba baada ya kiharusi. Mazoezi ya mkono yenye lengo yalikuwa wastani wa marudio 32 kwa kipindi. Thelathini na mawili! Katika jaribio la hospitali za maveterani (wanajeshi wa zamani) wa Marekani lililotoka mwaka 2010, roboti ilimfikisha mgonjwa kwenye miondoko zaidi ya 1,000 kwa kipindi kimoja.

Hata hivyo, jaribio kubwa la Uingereza, RATULS, lililochapishwa 2019 na kuhusisha wagonjwa 770, halikuonyesha kwamba roboti inarudisha matumizi ya mkono kuliko huduma ya kawaida. Miondoko yenyewe iliboreka kiasi, lakini kufunga kifungo cha shati au kushika kikombe hakukufuata. Mimi hili halinishangazi. Ukisukuma mpini juu ya meza kwa wiki 12, utakuwa hodari wa kusukuma mpini.

Na nyumbani je? Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, kiliongoza jaribio la kifaa kinachoitwa Hand Mentor, ambacho kinasaidia kufungua kifundo cha mkono na vidole huku kikipima mgonjwa mwenyewe anafanya nini. Wagonjwa 99 waligawanywa: wengine kifaa pamoja na mazoezi ya nyumbani, wengine mazoezi peke yake. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na kifaa hakikuonyesha ushindi wa wazi. Jaribio jingine la Marekani, la 2019, lilikuwa na watu 124 waliofanya vipindi 36. Waliofanyia nyumbani, wakiongozwa kwa video na michezo ya kompyuta, waliongeza kama alama 8 kati ya 66 za Fugl-Meyer, kipimo cha uwezo wa kuusogeza mkono baada ya kiharusi, sawasawa na waliokwenda kliniki.

Ndiyo maana namwuliza mtoto wa mbali kama kuna mtu wa kukaa na mama nusu saa kila siku, kabla sijauliza ana pesa kiasi gani. Kama yupo, taulo juu ya meza ya kusukuma mbele na nyuma, kikombe cha plastiki na bakuli mbili zinatosha kuanzia. Mpira wa kuminya siupendi kwa mkono uliokaza. Kukunja vidole mkono huo tayari unajua, kinachoushinda ni kufungua. Na ukinunua mashine yoyote, jifunzeni kwanza namna ya kulishika bega. Bega lililolegea hushuka kwenye kiungo chake, na mtu akivutwa mkono ili avalishwe glovu anaweza kupata maumivu ya miezi.

Yule wa Muscat hatimaye hakununua. Anamlipia mpwa wake bando, nami nawapigia video Jumanne na Jumamosi. Bibi anahamisha vizibo vya soda kutoka bakuli moja hadi jingine kwa mkono wa kushoto, mjukuu anahesabu kwa sauti. Juzi nilimkamata akiruka kutoka 41 hadi 50.

"Bibi amechoka," akajitetea.

Tukarudi 42.