Kamera za Barabarani Zinalipwa na Hazina

Kila mji wa Afrika unapofunga kamera mpya za ulinzi, naulizwa swali lilelile, na siku hizi huliuliza hata watu waliosomea fedha: mnalalamikia nini, ilhali kamera tumepewa bure na Wachina? Kazi yangu ni kuchambua mikataba ya mikopo ya serikali. Nimechoka kuisikia imani hiyo ikirudiwa bungeni na redioni, kwa sababu miradi mingi mikubwa ya aina hii ilijengwa kwa mikopo, na mwenye kuilipa ni mlipakodi.

Mfano wa Abuja unatosha kuanzia. Mwaka 2010 Nigeria ilikubaliana na ZTE, kampuni ya mawasiliano ya China, ijenge mfumo wa mawasiliano ya usalama wa thamani ya dola milioni 470, ukiwa na kamera 1,000 Abuja na nyingine 1,000 Lagos. Benki ya Exim ya China, benki ya serikali inayokopesha wanunuzi wa bidhaa za China, ilikopesha dola milioni 399.5, yaani asilimia 85, na asilimia 15 iliyobaki, dola milioni 70.5, ikawa juu ya Nigeria. Uwiano huo unajulikana sana kwa wenye kazi hii, kwa kuwa ndio wa mikopo inayotolewa ili bidhaa za nchi mkopeshaji zipate mnunuzi. Kwa kawaida benki humlipa mkandarasi moja kwa moja, fedha zenyewe hazigusi akaunti za mkopaji, na kinachoingia nchini ni vifaa pamoja na deni. Mbunge ambaye hakuona fedha zikiingia huona nguzo na kamera tu, akashukuru kana kwamba amepokea zawadi.

Kinachowapotosha hata wataalamu ni masharti nafuu. Mkopo wa namna hiyo una riba iliyo chini ya soko, muda mrefu wa kulipa, na miaka ya mwanzo ambayo deni la msingi haliguswi. Unafuu huo hupimika: yachukue malipo yote ya baadaye, yageuze kuwa thamani ya leo kwa kiwango kilichokubaliwa, kisha yatoe katika kiasi ulichokopa, kinachobaki ndicho sehemu ya ruzuku. Nchi wahisani zilizo katika kamati ya misaada ya OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, tangu takwimu za mwaka 2018, huhesabu sehemu hiyo peke yake kuwa msaada, na mkopo kwa serikali ya nchi maskini kabisa sharti uwe na sehemu ya ruzuku isiyopungua asilimia 45 ndipo uhesabiwe. China si mwanachama wa kamati hiyo, hivyo kanuni hizo haziifungi.

Lakini hesabu hiyo yote imejengwa juu ya dhana moja ambayo vitabu vya kufundishia huipita haraka mno, nayo ni kwamba bei ya vifaa ni ya haki. Tuseme umekopa 100, na sehemu ya ruzuku ni 30. Kama mkataba unakulazimisha kununua kwa muuzaji mmoja, na vifaa hivyohivyo vingepatikana kwa 70 katika zabuni ya wazi, basi ule unafuu wa 30 umerudi wote kwa muuzaji, nawe umebeba deni la miaka 20 bila faida yoyote juu ya mtu aliyenunua sokoni. Mikopo nafuu ya Exim kwa kawaida hudai angalau nusu ya manunuzi yatoke China. Kwa hiyo anayenisomea kiwango cha riba peke yake, akaniambia mkopo ni mzuri, hajanijibu kitu. Nakiri pia kwamba ugumu huu unanikwaza mimi mwenyewe: pasipo zabuni hakuna bei ya kulinganisha, na mifumo miwili haifanani kamwe, hivyo mara nyingi nashuku bei imepandishwa bila kuwa na njia ya kulithibitisha hilo.

Tena si kila fedha ni ya China. Polisi wa Uganda walithibitisha mwaka 2019 kwamba mfumo wao wa kamera kutoka Huawei, kampuni nyingine ya China, uligharimu dola milioni 126, na bunge la nchi hiyo liliidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 104 kutoka Standard Chartered, benki yenye makao makuu London. Kenya mwaka 2014 iliipa Safaricom kandarasi ya shilingi bilioni 14.9 bila zabuni ya wazi, na vifaa vikatoka Huawei. Katika mikataba yote miwili sioni msaada wowote.

Ruzuku halisi za ufuatiliaji zipo, nazo zina maswali yake. Mfuko wa dharura wa Umoja wa Ulaya kwa Afrika, ulioanzishwa mwaka 2015 kwa sababu ya uhamiaji, ulizipa nchi kadhaa uwezo wa kufuatilia watu. Mwaka 2022 mchunguzi maalumu wa malalamiko wa Umoja huo alieleza kwamba Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja huo, haikuhakikisha athari kwa haki za binadamu zinapimwa ipasavyo kabla ya miradi kuanza.

Narudi Abuja kwa sababu ya matengenezo, jambo ambalo hakuna anayelipigia makofi. Mkopo hujenga, haununui umeme, betri, vipuri wala leseni za programu za kila mwaka. Kamera zile ziliacha kufanya kazi, na mwaka 2021 waziri wa fedha, Zainab Ahmed, aliwaeleza wabunge kwamba Nigeria inaendelea kulipa mkopo huo, ilhali yeye hana taarifa za hali ya mradi wenyewe. Deni liko wizara moja, kamera wizara nyingine, na hakuna waraka unaozikutanisha.

Je, kamera hupunguza uhalifu? Tafiti nyingi ni za Uingereza na Marekani, na matokeo yenye nguvu zaidi yalionekana katika maegesho ya magari. Sijui kama yanaweza kuhamishiwa Kampala au Lagos. Ninachojua ni kwamba baada ya maandamano ya Novemba 2020, polisi wa Uganda walisema walizitumia kamera zao kuwatafuta washukiwa, na waliokamatwa walizidi 800. Kwa hiyo bajeti ya mwaka inapowasilishwa, nataka mbunge adai mambo mawili katika ukurasa mmoja: idadi ya kamera zinazofanya kazi leo, na kiasi cha deni la kamera hizo kitakacholipwa mwaka huo.