Hakuna Ziwa la Mafuta Chini ya Ardhi

Watu wengi wakisikia kisima cha mafuta hufikiria pango lililojaa kimiminika cheusi. Pango hilo halipo. Mafuta yamo ndani ya mwamba wenyewe, kwenye vitundu vidogo kati ya punje za mchanga au ndani ya chokaa. Kipande cha mwamba mchanga kilichotolewa kisimani ni jiwe gumu tu, ila lina rangi ya kahawia na harufu ya mafuta. Hata Ghawar, eneo kubwa la mafuta la Saudi Arabia, yenye urefu wa kilomita 280 hivi, ni chokaa iliyolowa mafuta. Ndiyo maana kwa kawaida zaidi ya nusu ya mafuta hubaki ardhini: yamenata mwambani.

Wala hayatokani na dinosaria. Hao waliishi nchi kavu, na mizoga yao iliishia kuliwa na kuoza. Chanzo ni mwani na planktoni, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea majini, waliokufa kwa wingi, wakazama penye maji yenye oksijeni haba, wakafukiwa na tope. Mwaka 1934 mkemia Alfred Treibs alikuta ndani ya mafuta porfirini, yaani molekuli zenye umbo la kurithiwa kutoka kwenye klorofili, rangi ya kijani ya mimea. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko nadharia ya mafuta na gesi yasiyotokana na viumbe, yanayopanda kutoka kina kirefu cha dunia. Nadharia hiyo ilijaribiwa Siljan, Sweden, miaka ya 1980, kwa kuchoronga matale (mwamba mgumu wa graniti) zaidi ya kilomita 6. Gesi ya kibiashara haikupatikana.

Gesi asilia nayo huweza kutoka kwenye makaa ya mawe, kama ile ya eneo la gesi la Groningen, Uholanzi.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba ukichimba chini sana, utayapata mafuta tu. Mabaki ya viumbe yaliyofukiwa hugeuka kwanza kerojeni, yaani mata ngumu iliyomo ndani ya mwamba. Kwenye nyuzi 60 hadi 120 za Selsiasi hivi, kerojeni hutoa mafuta. Joto likizidi hapo, hata mafuta yaliyokwisha kuundwa huvunjika kuwa gesi. Kwa hiyo kina kikubwa mno hukosesha mafuta. Yakishaundwa, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda kupitia miamba hadi yazuiwe na mwamba usiopenyeka, mfano chumvi. Yasipozuiwa, huvuja juu na kupotea. Na kizuizi lazima kitangulie: kuba la mwamba likiinuka baada ya mafuta kupita, mchorongaji hukuta maji ya chumvi tu.