Anayeogopa kushuka

Kila uchumi unapoyumba huulizwa swali lile lile: je, ni njaa inayowafanya watu wamshangilie dikteta? Mimi ni mtu wa saikolojia ya jamii, na jibu langu huwaudhi wengi. Njaa yenyewe, mara nyingi, humnyamazisha mtu.

Chukua Marienthal, kijiji cha Austria kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, kati ya 1929 na 1930, karibu kijiji kizima kikabaki bila kazi. Watafiti waliofika huko, wakiwemo Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld, walipima kwa saa hata mwendo wa watu barabarani. Wanaume walijikokota na kusimamasimama; wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwapa likizo, walikwenda haraka zaidi. Maktaba ya wafanyakazi ilifuta ada, lakini vitabu vilivyoazimwa vikapungua kwa karibu nusu. Muda ulikuwepo tele, hamu ndiyo iliyokwisha. Hata vyama vya siasa vilipoteza wanachama. Kwa hali hiyo, nani angeandamana?

Sasa tazama Ujerumani ya miaka hiyo hiyo. Mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walikuwa takriban milioni 6. Chama cha Nazi cha Hitler, kilichoambulia asilimia 2.6 ya kura mwaka 1928, kilipata asilimia 37.3 Julai 1932. Ungedhani kura hizo zilitoka kwa hao waliofukuzwa viwandani. Sivyo, au si kwa kiasi tunachodhani: wasio na kazi walielekea zaidi kwa Wakomunisti. Wanazi walivuna sana kwa wakulima wadogo, wenye maduka na mafundi waliojiajiri, hasa kwenye maeneo ya Waprotestanti. Watu hawa bado walikuwa na kitu mkononi, na walikiona kikiponyoka. Zaidi ya umaskini, waliogopa kuwa sawa na wale ambao wao wenyewe walizoea kuwadharau.

Hapo ndipo utambulisho unapoingia. Mtu huwa na majina mengi ya kujiita: fundi, mfanyabiashara, mzazi, raia, muumini. Uchumi ukishuka, yale yanayotegemea kipato hupoteza thamani kwanza, naye hushikilia yale yasiyoweza kufilisika: taifa, dini, kabila, rangi. Na kundi halina utamu bila kundi jingine la kulipita. Mwanasaikolojia Henri Tajfel alilionyesha hilo kwa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, aliowagawa kwa sababu za kipuuzi kabisa, kama vile nani kapenda picha za mchoraji gani. Walipopewa fursa ya kugawa fedha, mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu, mradi tu liwazidi wenzao. Na hapo hapakuwa na njaa wala uchaguzi!

Mapenzi ya utawala wa mkono wa chuma sisi huyapima kwa maswali yanayoonekana hayahusiani na siasa. Mojawapo: lipi bora kwa mtoto, utii au kujitegemea? Kuchagua utii si kosa. Wazazi wengi wema huchagua hivyo. Ila msimamo huo hugeuka ukali pale mtu anapohisi kwamba kundi lake linasambaratika. Ndiyo maana takwimu za pato la wastani peke yake hazinitoshi. Nataka kujua nani anaamini kwamba watu wa aina yake wanasogezwa pembeni.

Lakini hofu hiyo haina chama chake cha kuzaliwa. Mdororo ule ule uliifika Sweden. Mwaka 1933 serikali ya Wasoshalisti-Demokrasia, chama kilichotegemea wafanyakazi, ilipatana na chama cha wakulima: wakulima wakahakikishiwa bei za mazao, na wasio na kazi wakapewa ajira katika miradi ya umma. Mkulima mdogo, yule yule ambaye Ujerumani alikimbilia kwa Hitler, hapa alikuwa upande mmoja na mfanyakazi wa kiwandani.