Mafuta ya magoti hayajaisha: dhana potofu kuhusu yoga ya kitini

"Mafuta ya magoti yameisha, nimeambiwa nipumzike." Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Moshi, na maneno haya nayasikia kwa mama aliyeshuka kutoka Kibosho, kwa mzee wa Rau, kwa mwalimu mstaafu wa Soweto. Wiki hii nimeyasikia tena kwa bibi aliyeletwa na binti yake. Amepumzika tangu kabla ya Krismasi, na sasa hainuki kwenye kiti bila kushikwa mkono. Nilipomwambia tutaanza na yoga ya kitini akaniuliza, "Mwanangu, nimechoka kukaa, nawe unaniambia nikae tena?"

Tuanze na hayo mafuta. Ndani ya goti kuna ute, na ute huo hutengenezwa na utando wa goti lenyewe, hata uzeeni. Katika goti zima ni kidogo sana, haujazi kijiko cha chai. Goti lililochakaa mara nyingi huwa na ute uliozidi, ndiyo maana linavimba. Kinacholika ni gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na gegedu halina mishipa ya damu. Lishe yake hutoka kwenye ute, nao huingia vizuri pale goti linapobanwa na kuachiwa, likabanwa tena na kuachiwa, kama sifongo ndani ya maji. Ukiweka mguu juu ya stuli miezi mitatu, gegedu unalinyima chakula.

Kibaya zaidi ni msuli wa mbele ya paja. Huo ndio unaobeba goti, na husinyaa haraka mno usipotumika. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 tu: kwa wastani walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Sasa mfikirie bibi wa miaka 74 mwenye maumivu, aliyepumzishwa miezi kadhaa na familia inayompenda, ikimletea hadi maji ya kunywa. Anapokuja kwangu goti si tatizo kubwa tena. Tatizo ni kwamba hana paja la kumwinua.

Na bamia, ambayo watu husema inarudisha mafuta ya magoti? Ni mboga nzuri, endelea kuila, lakini ute wake unaishia tumboni, haufiki gotini. Supu ya makongoro nayo ina protini, na protini ikishameng'enywa mwili huipeleka unakotaka wenyewe. Inasikitisha kuona mtu anatumia fedha ya supu kila wiki na hajanyoosha goti hata mara moja.

Kwenye yoga ya kitini kiti ni kifaa cha kazi. Unakaa ukingoni, mgongo umejitegemea, unanyoosha goti moja hadi paja linakaza na unalishikilia hapo kwa pumzi tatu au nne ndefu. Unakunja na kunyoosha uti wa mgongo, unajipinda taratibu kulia na kushoto, unapandisha na kushusha visigino ili misuli ya vigimbi isukume damu kurudi juu. Wengi hutoka jasho. Katika utafiti wa Florida uliochapishwa mwaka 2017, uliokuwa na wazee 131 wenye maungio yaliyochakaa, kundi la yoga ya kitini lilifanya dakika 45 mara mbili kwa wiki kwa wiki 8. Maumivu hayakuwakwamisha sana katika shughuli zao kama yalivyowakwamisha wenzao waliopewa masomo ya afya tu, na nafuu hiyo ilionekana bado miezi mitatu baadaye.

Zoezi ninalolipigania kuliko yote ni kusimama na kukaa bila kushika kitu, polepole, ukitoa pumzi unapoinuka. Mara nane asubuhi, mara nane jioni. Walimu wengine wa yoga watasema huo si mkao wa yoga. Mimi naliweka mwanzo na mwisho wa kila kipindi, kwa sababu choo cha kuchuchumaa, ngazi ya daladala na benchi la kanisani vyote vinadai paja. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi na kesho yake yakarudi pale yalipokuwa, endelea. Yakibaki juu, punguza idadi, usiache.

Dhana nyingine ninazozisikia ni hizi. "Yoga ni ibada ya dini nyingine." Yoga imetoka India, na kwa wengi kule imeshikamana na dini, hilo ni kweli. Ninachofundisha mimi ni mikao, pumzi na misuli. Akina mama wa kikundi kimoja huanza kwa sala yao, ndipo tunaingia kwenye mazoezi. Kama jina linakukwaza, liite mazoezi ya kitini.

"Ni ya wazee na wagonjwa." B.K.S. Iyengar, mwalimu maarufu wa yoga wa India, alitumia viti kule mjini Pune kufundishia hata watu wenye nguvu zao. Fundi cherehani na dereva wa basi la Arusha wanaihitaji leo, shingo zao nazijua.

"Inapunguza kitambi." Kwa kiasi kidogo sana. Wala haitoshi peke yake: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linataka walio na miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kasi ya wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili siku tatu. Kwa hiyo tembea pia.

"Kiti chochote kinafaa." Hapana! Kiti cha plastiki juu ya vigae vilivyotoka kupigwa deki hukimbia, na miguu yake hutanuka ukiegemea upande mmoja. Sofa linakuzamisha. Kigoda kinapandisha magoti juu ya nyonga. Cha magurudumu usikiguse. Chukua kiti cha mbao cha miguu minne, kisicho na mikono, mgongo wake ukiegemea ukuta. Nyayo zikanyage chini zote. Zisipofika, weka ubao mpana usioteleza.

Mwenye presha anaruhusiwa, ila asibane pumzi, asishushe kichwa chini ya moyo, na asiache dawa. Mwenye presha ya macho naye asiinamishe kichwa. Mwenye mifupa dhaifu aache kuinama sana mbele na kujipinda kwa nguvu. Aliyebadilishwa nyonga afuate mipaka aliyopewa na daktari wake wa upasuaji. Na goti lililovimba ghafla, lenye moto, likiambatana na homa, ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.