Master si Mastère: yanayosemwa kuhusu kubobea Ufaransa

Mwaka juzi binti wa dada yangu alinitumia picha ya barua ya udahili kutoka chuo kimoja cha binafsi mjini Paris. Nyumbani walishaanza kupongezana. Nikaikuza picha kwa vidole mpaka jina la shahada likajaa kwenye kioo cha simu: mastère. Kuna alama juu ya e ya kwanza, na kuna e nyingine mwishoni. Chini yake wanataka euro 3,000 za kushika nafasi, ndani ya wiki mbili. Nikampigia palepale nikamwambia asilipe kitu kwanza.

Naandika haya kwa sababu ya ile herufi. Watu wanauza viwanja kwa kutoielewa.

«Master na mastère ni kitu kimoja, tofauti ni maandishi tu.»

Si kitu kimoja hata kidogo. Master, kwa jina kamili diplôme national de master, ni shahada ya taifa. Unaisoma miaka 2 baada ya licence, yaani shahada ya kwanza ya miaka 3, unakusanya krediti 120, na ndiyo inayokufungulia mlango wa uzamivu.

Halafu kuna Mastère Spécialisé. Hiyo ni alama iliyosajiliwa ya Conférence des Grandes Écoles, umoja wa vyuo vile vyenye mchujo mkali. Wanaoingia kwa kawaida wameshamaliza miaka 5 ya chuo, au 4 pamoja na uzoefu wa miaka 3 kazini. Ina krediti zisizopungua 75, na unaandika tasnifu inayotokana na kazi uliyoifanya ndani ya kampuni kwa muda wa miezi 4 au zaidi. Ni masomo mazuri sana kwa, tuseme, mhandisi wa maji anayetaka kuhamia kwenye usimamizi wa miradi. Lakini ni ubobezi juu ya shahada uliyonayo tayari. Haichukui nafasi ya master.

Na mwisho kuna mastère kavu, bila neno lolote la kuilinda. Chuo chochote cha binafsi kinaweza kulitumia jina hilo. Baadhi ya kozi hizo zimeandikwa kwenye RNCP, rejesta ya taifa ya sifa za kazi, katika ngazi ya 7, na vyuo vinalitangaza hilo kwa herufi kubwa. Hapo ndipo vijana wetu wanaponaswa. Rejesta hiyo inathibitisha kwamba umefundishwa kazi fulani. Haikupi hadhi ya master. Ukitaka kuendelea na uzamivu, shule ya uzamivu inaweza kukukatalia. Hata kile kibali cha miezi 12 cha kutafuta kazi baada ya kuhitimu kina orodha yake ya shahada: master imo, Mastère Spécialisé imo, mastère kavu haimo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata senti, tafuta maneno matatu: grade de master, yaani hadhi ya master. Kwa shule za uhandisi anayepima ni CTI, tume iliyoanza mwaka 1934. Kwa shule za biashara ni tume nyingine, CEFDG. Ukiwauliza chuo swali hilo kwa barua pepe, jibu la kweli ni la mstari mmoja.

«Mgeni hulipa mara kumi na tano ya Mfaransa.»

Kwa licence na master kuna ukweli ndani yake. Tangu 2019 serikali iliweka ada tofauti kwa wanaotoka nje ya Ulaya: ilianza na euro 2,770 kwa mwaka kwa licence na 3,770 kwa master, wakati Mfaransa analipa mamia tu. Hata hivyo vyuo vikuu vingi vya umma vimekuwa vikisamehe baadhi ya wanafunzi tofauti hiyo, kwa hiyo uliza chuo kwa chuo. Ada za wageni hazigusi uzamivu: mtu wa Kigoma na mtu wa Lyon wanalipa sawa.

«Uzamivu unajilipia mwenyewe, miaka mitatu bila kipato.»

Hili linaniuma, maana limewakatisha tamaa watu wenye vichwa kweli. Contrat doctoral ni mkataba wa ajira wa miaka 3. Una mshahara, una bima, una likizo. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa euro 2,200 kwa mwezi kabla ya makato. Kuna pia CIFRE, ambapo kampuni inakuajiri, maabara inakusimamia, na serikali inaichangia kampuni. Nafasi hizi ni za kushindania, sikatai. Ila ujue unaomba kazi, huombi darasa. Unaanza kwa kumwandikia msimamizi mwenye HDR, kibali cha kuongoza tafiti kinachopatikana baada ya uzamivu, na unamwonyesha kwamba umesoma anachokifanya.

«Ufadhili wa Eiffel wa serikali ya Ufaransa unaomba mwenyewe mtandaoni.» Huombi. Chuo ndicho kinachokupendekeza, kwa hiyo wasiliana nacho mapema.

«Daktari akienda kubobea, atabaki kutibu hukohuko.»

Madaktari wa nje ya Ulaya wana njia zinazoitwa DFMS na DFMSA, ambazo maombi yake hupitia Chuo Kikuu cha Strasbourg. Unafanya kazi wodini, unalipwa, unajifunza upasuaji au watoto au moyo chini ya mabingwa. Cheti hicho hakikupi ruhusa ya kutibu Ufaransa. Kimekusudiwa urudi nacho nyumbani. Kwa hospitali zetu hiyo ni neema kubwa, ila aondoke akijua. Na Kifaransa ni lazima kiwe imara, maana mgonjwa anayelia kwa maumivu usiku hatakubadilishia lugha.

Binti wa dada yangu hakulipa. Aliwaandikia lile swali la mstari mmoja: je, shahada hii inatoa grade de master? Walimjibu kwa kurasa mbili zenye picha za jengo jipya na majina ya kampuni washirika, pamoja na siku saba za nyongeza za kulipa. Maneno yale matatu hayakuwamo.