Msamaha wa kodi haumkingi mlaji kiwango kinapopanda

Kila inapopendekezwa kupandisha kiwango cha kodi ya ongezeko la thamani, husikika hoja kwamba wananchi wa kipato cha chini hawataumia, kwa kuwa huduma muhimu kama matibabu zimesamehewa kodi hiyo. Hoja hiyo ina kasoro. Hospitali inayotoa huduma iliyosamehewa haimtozi mgonjwa kodi, lakini yenyewe huilipa inaponunua samani, kompyuta au huduma za ukarabati, na kwa kuwa mauzo yake hayatozwi kodi, kwa kawaida sheria hairuhusu irejeshewe ilicholipa. Ikinunua vitu vya thamani ya 1,000,000 kabla ya kodi, na kiwango kikapanda kutoka asilimia 10 hadi 15, gharama yake huongezeka kwa 50,000, ambazo aghalabu huhamishiwa, zote au sehemu yake, kwenye ankara ya mgonjwa. Ankara hiyo haitaonyesha kodi popote, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Bidhaa zinazotozwa kiwango cha sifuri, yaani zilizomo kwenye mfumo wa kodi hiyo lakini kwa asilimia 0, ni suala jingine: muuzaji wake hurejeshewa kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake, ingawa marejesho yakicheleweshwa, naye hukwama kimtaji.